Mwanza–Mtwara na Mwanza–Mbeya: wa mbali anafika kwanza

Ukichukua rula ukapima kwenye ramani ya Tanzania, Mbeya iko karibu na Mwanza kuliko Mtwara, na si kwa tofauti ndogo. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi Songwe, uwanja unaoihudumia Mbeya, ni kama kilomita 720. Kutoka Mwanza hadi Mtwara ni kama 1,190. Hata hivyo anayekwenda Mtwara kwa ndege anaweza kutua mapema kuliko anayekwenda Mbeya, hata wakipanda ndege moja asubuhi pale Mwanza. Sababu ni Dar es Salaam. Kwa kawaida wote wawili hupelekwa Dar kwanza. Kwa wa Mtwara, Dar iko karibu kabisa na njia yake. Wa Mbeya anavushwa nchi nzima kwenda pwani, kisha anarudishwa magharibi.

Tovuti za kukokotoa umbali hazikuonyeshi hilo. Zinachora mstari mnyoofu kati ya viwanja viwili, zinagawa kilomita kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, zinaongeza nusu saa, basi. Ukiuliza Mwanza–Mtwara utaambiwa safari ni ya saa mbili hivi. Hesabu ni sahihi, ila ndege ya abiria ya kupita mstari huo si kitu cha kutegemea kukikuta kwenye ratiba.

Kupima umbali mwenyewe

Huhitaji tovuti yoyote. Chukua nyuzi za latitudo na longitudo za viwanja viwili. Mwanza iko 2.44 kusini na 32.93 mashariki, Mtwara 10.34 kusini na 40.18 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 7.90, ya longitudo 7.25. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111.2, kwa hiyo upande wa kaskazini-kusini unapata 878. Nyuzi za longitudo hubanana kadiri unavyoiacha ikweta, ila kwa Tanzania kubanana huko ni kudogo sana: zidisha kwa 0.99 inatosha. Kwa safari hii, ukitumia 0.994 unapata 801. Sasa ni pembetatu ya darasani: 878 mara 878, jumlisha 801 mara 801, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 1,188. Kwa masafa ya ndani ya nchi kosa la njia hii halifiki hata asilimia moja, maana dunia haijapata nafasi ya kujipinda vya kutosha kukuharibia hesabu.

Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia, zidisha kwa 1.852. Mtu akisoma 641 akadhani ni kilomita, amejipunguzia karibu nusu ya safari.

Vipande vyenyewe

Muda ulioandikwa hapa umekokotolewa kwa mwendo wa wastani wa kilomita 800 kwa saa kwa jeti ya aina ya Airbus A220, 640 kwa Dash 8-400, na 490 kwa ATR 72 (hizi mbili ni za pangaboi, yaani za mapanga ya kuzunguka), kisha zikaongezwa dakika 20 za kupanda juu, kushuka na kujipanga kutua. Ni muda wa angani tu. Muda wa kwenye tiketi huwa mrefu zaidi kwa dakika 5 hadi 15, kwa sababu tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena.

| Kipande | Km | Jeti | Dash 8-400 | ATR 72 |
|---|---|---|---|---|
| Mwanza–Dar | 850 | 1:25 | 1:40 | 2:05 |
| Dar–Mtwara | 400 | 0:50 | 1:00 | 1:10 |
| Dar–Songwe | 690 | 1:10 | 1:25 | 1:45 |
| Mwanza–Mtwara, mstari mnyoofu | 1,190 | 1:50 | 2:10 | 2:45 |
| Mwanza–Songwe, mstari mnyoofu | 720 | 1:15 | 1:30 | 1:50 |

Jumlisha sasa. Mwanza–Dar–Mtwara ni kilomita 1,250, yaani mzunguko wa kupita Dar unaongeza 60 tu juu ya mstari mnyoofu, asilimia tano. Mwanza–Dar–Songwe ni 1,540, zaidi ya mara mbili ya zile 720. Abiria wa Mbeya amebebwa kilomita 820 za bure. Kwa jeti pande zote mbili, wa Mtwara anakaa angani saa 2 na robo, wa Mbeya saa 2 na dakika 35. Kwa ATR pande zote, ni 3:15 dhidi ya 3:50.

Kwa hiyo, kabla hujalinganisha nauli, pima mzunguko: jumlisha vipande viwili, gawa kwa umbali mnyoofu. Ukipata 1.05 kama Mtwara, usihangaike kutafuta ndege ya moja kwa moja, kwani hata ikipatikana itakachokuokolea hasa ni kungoja Dar. Ukipata 2.1 kama Mbeya, hapo hata njia nyingine isiyo ya kawaida inastahili kuangaliwa. Dodoma, kwa mfano, ipo kilomita 520 kutoka Mwanza na 410 kutoka Songwe, jumla 930. Ratiba ikitokea kuruhusu kuunganisha hapo siku moja, mzunguko unashuka hadi 1.3. Ikikutaka ulale Dodoma, faida yote imekwisha.

Jeti au pangaboi?

Watu hubishana sana kuhusu hili, na wengi wanatoa hoja ya mwendo. Kwa Dar–Mtwara hoja hiyo ni dhaifu. Katika kilomita 400, jeti haikai kwenye mwendo wake kamili kwa muda wa maana: inapanda, inatulia kidogo, rubani anaanza kushuka. Zile dakika 50 za kwenye jedwali, kiuhalisia hukaribia saa nzima, na Dash 8-400 inakuwa nyuma yake kwa dakika chache tu. Mwanza–Dar ni habari nyingine. Hapo ATR inakuchelewesha dakika 40 ukilinganisha na jeti, na dakika 40 zinatosha kabisa kukukosesha ndege ya pili.

Upepo nao una neno lake. Juu ya Tanzania upepo wa angani mara nyingi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo kwenda Dar ndege inaukabili na kurudi Mwanza inasukumwa. Upepo wa kilomita 35 kwa saa unaipa ATR tofauti ya dakika 14 au 15 kati ya kwenda na kurudi kwenye kipande hicho. Kwa jeti ni dakika 5 au 6. Ndiyo maana unaweza kukuta ratiba inayoonyesha kurudi kufupi kuliko kwenda, wala si kosa la uchapaji.

Kwa anayechagua: kipande kirefu tafuta jeti au Dash, kipande kifupi panda chochote kinachokupa saa nzuri ya kuondoka. Aina ya ndege huandikwa wakati wa kukata tiketi, lakini usiishikilie kama ahadi. Ndege hubadilishwa. Injini za PW1500G zinazosukuma A220 zimesumbua mashirika mengi duniani na ndege kadhaa zimelazimika kukaa chini zikisubiri injini. Jeti ikikosekana, pangaboi ndiyo inayoitwa, na ratiba yako ya kuunganisha inapungukiwa dakika ambazo ulikuwa umezihesabu.

Cessna Caravan, ile ya abiria 12 hivi, weka kando kwa masafa haya. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, haina mgandamizo wa hewa ndani hivyo haipandi juu kukwepa mawingu, na mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwenye begi laini. Mwanza–Dar kwa chombo hicho ni karibu saa tatu. Jingine la kuangalia ni jengo: pale Dar ndege ndogo za namna hii huondokea jengo la kwanza, si la pili linalotumiwa na safari kubwa za ndani, na majengo hayo si ya kuvukana kwa miguu na mabegi mkononi.

Dar ndipo siku inapopotelea

Angani kuna saa mbili na nusu au tatu. Siku yako italiwa na kungoja. Hapa kuna uamuzi mmoja mkubwa kuliko mengine yote: tiketi moja au tiketi mbili.

Tiketi moja maana yake vipande vyote viwili viko kwenye namba moja ya kuhifadhi nafasi. Begi linaandikwa Mwanza na kupokelewa Mtwara au Songwe. Ndege ya kwanza ikichelewa hadi ukaikosa ya pili, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Hapa saa mbili za kungoja zinatosha.

Tiketi mbili, hasa za mashirika mawili tofauti, ni biashara nyingine. Begi unalichukua mwenyewe Dar, unatoka nje, unaingia tena kwenye ukaguzi, unapanga foleni ya kaunta upya. Kaunta za safari za ndani hufungwa takriban dakika 45 kabla ya kuruka, na zikishafungwa haijalishi kwamba unaiona ndege dirishani. Ukichelewa, shirika la pili linakuandika kama abiria ambaye hakutokea. Tiketi inapotea au unalipa faini ya kubadilisha, na la kwanza halikudai wala hulidai, maana lilikuuzia safari ya Dar na Dar limekufikisha. Weka saa nne. Kama tofauti ya nauli kati ya tiketi moja na mbili ni ndogo, usifikirie mara ya pili, nunua moja.

Fanya hesabu ya dakika kwa tiketi mbili. Ndege ya Mwanza imechelewa dakika 50, jambo la kawaida kabisa. Imetua, kutoka kutua hadi mlango kufunguliwa ni dakika 10. Begi dakika 25. Kutoka, kuzunguka, ukaguzi na foleni, dakika 30. Hapo umeshakula saa 1 na dakika 55, ongeza zile 45 za kaunta kufungwa: 2:40. Aliyejiwekea saa mbili na nusu amebaki Dar.

Ucheleweshaji nao una tabia yake. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku, ikienda huku na kurudi, na kila dakika iliyopotea asubuhi inabebwa hadi jioni. Safari ya kwanza ya siku ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuondoka kwa wakati, kwa sababu ndege mara nyingi imelala palepale au haijapata pa kuchelewea. Kwa Mwanza kuna doa kidogo: ngurumo za juu ya Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo msimu wa mvua safari ya mapema inaweza kusubiri wingu lipite. Bado ndiyo ya kuchagua. Ikichelewa saa mbili, umebakiwa na siku nzima ya kurekebisha.

Mwisho wa safari haufanani

Uwanja wa Mtwara uko mita 113 tu juu ya usawa wa bahari na kilomita chache kutoka mjini, bajaji inakufikisha. Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu, na kutoka hapo hadi katikati ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 20 kwa barabara ya Tunduma yenye malori mengi. Tenga dakika 45, na zaidi kama ni jioni. Anayekwenda Tunduma au Vwawa, kwake Songwe ni faida, maana ameshuka upande wake.

Songwe ina adui mmoja: ukungu na mawingu ya chini ya asubuhi. Rubani akifika na kukuta haoni njia ya kurukia katika kiwango kinachoruhusiwa, huzunguka kidogo kungoja pafunguke. Mafuta aliyobeba ni ya kufika, ya kwenda uwanja mbadala, pamoja na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo haiguswi kwa kungojea. Yakikaribia kikomo anaondoka, na unaweza kujikuta umerudi Dar ulikotoka. Kwa hiyo kwa Mbeya, tofauti na ushauri wa Mwanza hapo juu, kipande cha pili kizuri ni cha kufika saa tano asubuhi au mchana, jua likishaufukuza ukungu. Bahati ni kwamba anayetoka Mwanza hawezi kufika mapema zaidi ya hapo hata akitaka.

Mtwara ina tatizo la msimu wa korosho. Minada huanza Oktoba, na wanunuzi, mabenki na wasafirishaji wote wanataka viti vilevile. Kata tiketi wiki kadhaa mbele. Na jioni huja mapema kule: nchi nzima inafuata majira ya saa yaleyale, lakini Mtwara iko nyuzi 7.25 mashariki zaidi ya Mwanza, na kila nyuzi ni dakika nne, hivyo kwa wastani wa mwaka jua huitangulia kuzama kwa karibu dakika 29. Aliyezoea mwanga wa Mwanza wa saa kumi na mbili na nusu jioni anaweza kukuta Mtwara giza limeshaanza kuingia.

Ukilinganisha na basi

Mwanza hadi Dar kwa barabara ya Singida na Dodoma ni takriban kilomita 1,150, na Dar hadi Mtwara takriban 560. Basi lenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, pamoja na vituo, mizani na miji, hupata wastani wa 60 hivi. Hiyo ni saa 19 hivi kwa kipande cha kwanza na 9 kwa cha pili, na bado hujahesabu kubadilisha basi Dar. Jumla inapita saa 30. Kwa ndege, ukianza kuhesabu tangu unapofika uwanja wa Mwanza saa mbili kabla ya kuruka, ukangoja saa tatu Dar, hadi unatoka nje ya uwanja wa Mtwara, ni saa nane hivi. Umeokoa siku nzima.

Mbeya haiendi hivyo. Barabara ya Tabora, Sikonge, Rungwa na Chunya ni kama kilomita 900, saa 15 hadi 17 kwa basi hali ya njia ikiwa nzuri; masika ulizia kwanza. Kwa ndege, pamoja na gari la kutoka Songwe, ni saa tisa na dakika kumi hivi. Akiba ni saa sita hadi nane kwa nauli ya vipande viwili vya ndege. Mwenye begi moja na mkutano kesho asubuhi apande ndege. Familia ya watu watano yenye mizigo, ambayo kilo 23 za kila mtu hazitoshi, ipige hesabu vizuri kabla ya kuidharau barabara. Mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, kwa hiyo mtu anaweza kulala njiani na asipoteze siku ya kazi.

Njia ya kati kwa Mtwara, ndege hadi Dar kisha basi, inapunguza nauli na kukuongezea saa kadhaa juu ya ndege tupu. Inafaa kiangazi. Msimu wa mvua kumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja na mafuriko yaliyoikata barabara ya Dar–Lindi na magari yakakwama pande zote mbili.

Kabla ya kubonyeza kulipa

Soma herufi tatu za uwanja. Mwanza ni MWZ na Mtwara ni MYW. Zinafanana vya kutosha kumchanganya mtu anayekata tiketi kwenye simu usiku. Hatari zaidi ni Songwe na Songea. Songwe, yaani Mbeya, ni MBI. SGX, inayoonekana kama kifupi cha Songwe, ni Songea, mkoani Ruvuma.

Kisha saa. Tiketi huandika kwa mtindo wa saa 24: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana. Ukimwambia ndugu anayekuja kukupokea Mtwara "natua saa saba na kumi", mwambie na mchana. Ukimtumia picha ya tiketi yenye 07:10 bila maelezo, kuna uwezekano mzuri akaja mchana, wewe umekaa kwenye begi tangu asubuhi.